Toa NIDA, Mjomba: Shajara ya Kuhamia Arusha

Jumamosi, 28 Juni

Basi limeondoka Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri. Mke wangu alitangulia mara tu Idi Kubwa ilipopita kwa sababu ofisi iliyomwajiri ilimtaka mapema. Mimi nikabaki na watoto watatu kufunga nyumba ya Kisauni, kugawa vitanda na kuagana na watu. Mizigo mikubwa inakuja nyuma kwa kenta. Wakala wa forodha alinitaka niorodheshe kila kitu, hadi idadi ya masufuria, na akanionya nisinunue chochote kipya cha kuja nacho. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe ushuru mtu anayehama makazi, lakini kwa vyombo alivyokwisha kuvitumia. Ya kwetu imetumika vya kutosha. Kuna sufuria humo limepika pilau ya harusi tatu.

Voi tuliiacha barabara ya Nairobi tukakata kushoto, tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate. Baada ya Maktau barabara inakatiza Tsavo Magharibi, na kitinda mimba akawaona ndovu wekundu kwa vumbi akiwa bado ameshika hamri mkononi. Kabla ya Taveta kuna kilima cha Salaita. Hapo Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishambulia ngome ya Wajerumani yakarudishwa nyuma, na reli ya kutoka Voi ililazwa katika vita hivyo hivyo mpaka ikaungana na ile ya Moshi. Nilimweleza kifungua mimba. Akauliza kwa nini watu wa Ulaya walikuja kugombana Taveta. Ni swali zuri, nami sikuwa na jibu la kumtosha mtoto wa miaka kumi.

Mpakani Holili maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja: unatoka Kenya kwenye dirisha hili, unaingia Tanzania kwenye lile. Meza ya afya wakakagua kadi za homa ya manjano. Ofisa wa uhamiaji alipekua pasipoti zetu nne, akamtazama kila mtoto.

"Mnakwenda kusalimia?"

"Tunahamia, afande. Mama yao anafanya kazi Arusha."

"Karibuni nyumbani," akasema, akagonga muhuri wa wageni.

Kutoka Himo dereva alibadilika kabisa. Yule aliyekuwa akikimbiza basi kama anafukuzwa akawa anatambaa kila penye nyumba, kwa kuwaogopa trafiki wenye mashati meupe na tochi zao za kupimia mwendo. Kilimanjaro hatukuuona. Juni na Julai mawingu hulala juu yake, na kifungua mimba aliyeahidiwa theluji alinuna kutoka Moshi mpaka Usa River. Tumefika Arusha wakati wa magharibi, mke wangu yuko stendi na masweta manne mkononi. Yote tumeyavaa pale pale.

Jumapili, 29 Juni

Baridi. Tulitoka usawa wa bahari na sasa tuko mita kama 1,400 juu yake. Jua limetokea saa tano. Watoto wanakoga kwa zamu ya vilio na midomo inawapasuka, na mafuta ya mgando yamekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Nyumba iko Njiro: vyumba vitatu, ua wenye mparachichi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali akachukua ya mwezi mmoja. Mombasa nilizoea kulipa mwezi kwa mwezi. Waarusha ninaowauliza wanashangaa ninachoshangaa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimetoka kutafuta laini ya simu. Kwenye kibanda chenye mwavuli binti mmoja alinipokea vizuri, akafungua mashine ya alama za vidole.

"Namba ya NIDA, mjomba." Ndiyo namba ya kitambulisho cha taifa.

"Sina. Mimi Mkenya."

Alicheka. "Acha utani bwana. Toa NIDA, mjomba, watu wanasubiri."

Nikampa pasipoti. Aliigeuza, akamwita mwenzake wa kibanda cha pili aje anisikilize nikizungumza. Mwenzake akatoa hukumu: huyu ni wa Tanga. Au Pemba. Hiyo pasipoti kaipata wapi?

Haki yao. Mimi ni Mdigo, na Wadigo tumetandaa kutoka Kwale mpaka Tanga, mpaka wa nchi ukatukuta tayari tuko pande zote mbili. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa upande wa Tanga. Matamshi yangu hayaoneshi nchi, yanaonesha pwani tu. Na tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, mtu mwenye sura na lugha ya hapa asiye na namba ya kitambulisho cha taifa anatia shaka. Binti akanielekeza duka kubwa la mtandao wake mjini, kwamba mgeni husajiliwa huko kwa pasipoti.

Huko dukani nikapanga foleni nyuma ya kijana wa Kizungu mwenye begi la mgongoni. Wahudumu wawili walimshughulikia. Mmoja alimwekea laini, wa pili akamwandikia kwenye karatasi namna ya kuongeza salio, namna ya kulipa kwa simu, na nauli ya daladala hadi Sanawari asije akaibiwa. Ilipofika zamu yangu nikauliza vifurushi vikoje.

"Si kama kawaida tu, kaka," akanijibu.

Kawaida ya nani, sikuuliza. Lakini nimerudi nyumbani nikiliwaza hilo: nadhani hapa tutakuwa wageni wasioonekana. Tutachelewa kujua mambo ambayo mgeni wa sura huambiwa siku ya kwanza.

Jumatano, 2 Julai

Haikuchukua muda. Jirani yetu, mama wa Kimeru mwenye umri wa kuitwa shangazi, alibisha hodi na mkungu wa ndizi. Alipocheka niliyaona meno yake: yana madoa ya kahawia, mistari mistari. Alinikuta nikimpa kitinda mimba maji ya bomba niliyoyachemsha na kuyapoza.

"Baba, huyu mtoto ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Basi usimnyweshe hayo. Utamharibia meno kama haya yangu. Mimi nimekulia kule Ngurdoto, nimekunywa mto."

Akaketi, akanifundisha. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita katika miamba yake yanazoa madini ya floraidi. Kidogo chake hulinda meno, kingi huyachafua, na kikizidi sana miaka mingi huingia mifupani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na iko mito na visima huku inayopita hapo mara nyingi. Walio hatarini zaidi kwa meno ni watoto walio chini ya miaka minane, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Nikasema nimechemsha. Shangazi akatikisa kichwa: kuchemsha kunaua vijidudu tu. Mvuke unaondoka, madini yanabaki, na maji yaliyosalia yanakuwa makali kuliko ya mwanzo. Kwao Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaishika floraidi. Asiye na chujio hilo na mwenye uwezo hununua maji ya dumu kwa kunywa na kupikia.

Mwalimu wa hisabati mimi, nimeelewa vizuri sana habari ya kiasi kilekile ndani ya maji machache.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba mwenzake wa ofisini aliyetoka Ulaya alikabidhiwa karatasi ya maelezo siku aliyoripoti: maji, meno, daktari, mitaa ya kutopita usiku. Alipouliza mbona yeye hakupata, akajibiwa, "Tulijua unajua." Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila meno ya mtoto hayajui makusudio.

Ijumaa, 4 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa nilipitia Soko la Kilombero kutafuta samaki. Mboga za hapa zinakufanya uone haya kwa yale uliyokuwa ukiyala: karoti zina udongo wa asubuhi, maparachichi makubwa kuliko mkono wangu. Nazi zipo, zinatoka Tanga, zimekauka kidogo lakini zina tui. Samaki ndiyo kazi. Nilipata perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, waliokaangwa tayari. Nikawaunga kwa nazi nikitumia mbuzi niliyoibeba kwenye begi la mkononi, kwa sababu sikutaka kuiaminisha kenta. Wa kati alionja kipande, akauliza kama samaki huyu aliishi topeni. Hajala. Amekula wali na mchuzi na kudai changu wa baharini.

Jumamosi, 5 Julai

Kenta imefika. Vikombe viwili vimevunjika. Orodha imekaguliwa, kila kitu kiko sawa.

Jumatatu, 7 Julai

Mama alipiga simu asubuhi kutoka Likoni, sauti ya hofu. "Mmejifungia? Watoto wako ndani?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu Saba Saba ni siku ya maandamano tangu 1990, watu walipojitokeza Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi na wakapigwa. Kila mwaka tarehe hii mtu mzima wa Kenya husikiliza kwanza habari ndipo atoke. Huku ni sikukuu ya taifa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe hii mwaka 1954, na siku hizi ni siku ya maonesho ya biashara Dar es Salaam. Shangazi jirani alikuwa anachoma mahindi uani. Nikamwambia mama huku wanachoma mahindi. Akasema, "Sawa, lakini usitoke."

Lipo jambo la tatu la tarehe hii. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako mji huu huu, ulitiwa saini hapa Novemba 1999 na ukaanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Ile Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilivunjika 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Bibi alikuwa akiihesabu miaka hiyo kwa misiba ya kwao Tanga, akitaja aliyoiwahi kwa njia za panya na aliyoisikia wameshaanua tanga. Nimemkumbuka leo kwa sababu sisi tumevuka na sufuria zetu mchana kweupe, kwa orodha yenye muhuri.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Huku mwaka una mihula miwili, wa pili ndio unaanza, wakati wenzao wa Mombasa wako katikati ya muhula wa pili kati ya mitatu. Wa kati na kitinda mimba wamepokewa bila maneno. Shida ni kifungua mimba, aliyekuwa gredi ya nne.

Mwalimu mkuu, mama mtulivu mwenye miwani, alinieleza vizuri. Mtoto akiingia darasa la nne atakutana na upimaji wa kitaifa kabla ya mwaka kuisha. Kiingereza na hisabati hatakuwa na tatizo. Lakini kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wenzake wamelianza tangu darasa la tatu. Akiingia la tatu atakaa na watoto aliowapita umri.

"Wewe mwenyewe si mwalimu, baba?" akaniuliza. "Utamfundisha nyumbani."

"Historia ya Tanzania?"

"Kwani ulisoma wapi?"

Nikamwambia Kwale. Akavua miwani, akanitazama upya. Naye alikuwa ameniweka Tanga.

Tumekubaliana aingie la nne. Jioni tumekaa mezani na kitabu, baba na mwana wote wanafunzi: Kinjekitile Ngwale na vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua 1898 kuliko kukamatwa, na fuvu lake likarudishwa kutoka Ujerumani 1954. Kifungua mimba alipekua kurasa mpaka mwisho.

"Mekatilili hayumo?"

Nikamwambia Mekatilili wa Menza aliwainua Wagiriama 1913 upande wa pili wa mpaka, na kitabu hiki kinaishia mpakani.

"Lakini Wajerumani na Waingereza walikuwa wakivuka."

Amekwisha kuiona Salaita, huwezi kumdanganya. Nimeahidi kumwandikia ukurasa wa Mekatilili aubandike mwenyewe nyuma ya daftari.

Habari nyingine ya shule: kabla hawajaulizwa majina, watoto wote watatu waliulizwa Simba au Yanga. Kifungua mimba alijibu Bandari, timu ya kwetu Mombasa, ikaonekana ni dharau. Wa kati alitazama rangi akasema Simba. Kitinda mimba amesema Yanga kwa sababu mwalimu wake ana kitenge cha njano. Nyumba imegawanyika.

Alhamisi, 17 Julai

Siku nzima ya makaratasi. Utaratibu uko hivi: mwajiri anaomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kikipatikana ndipo unaomba kibali cha ukaazi uhamiaji, daraja B kwa mwajiriwa. Kibali cha kazi ni cha miaka miwili, na kinahuishwa. Itifaki ya Soko la Pamoja inayozungumzia watu wa Jumuiya kufanya kazi popote ilianza 2010, lakini hatua hizi bado unazipitia moja moja. Mimi na watoto tunakaa kwa kibali cha mke wangu, kama wategemezi. Mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa. Shule mbili mtaani kwetu zina pengo la mwalimu wa hisabati, na mimi nazipita kila asubuhi nikienda kununua mkate.

Nilipomsimulia fundi cherehani wa kona, ambaye sasa tunazungumza kila siku, alisikitika kuliko mimi. Kisha nikamwambia sheria ya 2015 ya kuajiri wageni inamtaka mwajiri aoneshe mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi ya mgeni. Akasimamisha cherehani.

"Kwa hiyo shemeji yetu anamfundisha atakayemtoa?"

"Ndiyo."

"Na wewe uko nyumbani unapika?"

"Ndiyo."

"Bwana wa Tanga," akasema akiendelea kushona, "nyinyi mmekuja kwa moyo."

Nilishamwambia mara kadhaa mimi si wa Tanga. Nimeacha. Kusema kweli, sioni tena kama kuna anachokosea.

Jumapili, 27 Julai

Hifadhi ya Arusha. Langoni Ngongongare kuna viwango tofauti vya kiingilio, na raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kidogo sana kuliko wa mbali anayelipa dola. Mlinzi alipotusikia aliandika Watanzania. Mke wangu, mhasibu wa damu, akatoa pasipoti ili hesabu ikae sawasawa. Mlinzi akasahihisha: Wakenya. Bei ikabaki ile ile. Mara ya kwanza tangu tufike karatasi zetu na sura zetu zimesema jambo moja na hakuna aliyestaajabu.

Twiga wengi, mbega wenye mikia meupe, na flamingo kwenye maziwa ya Momela. Wa kati alitaka kujua kama maji yale ni ya chumvi kama baharini. Ni ya magadi. Kitinda mimba akauliza kama nayo yanaharibu meno, mlinzi aliyefuatana nasi akacheka mpaka akashika bunduki vizuri. Mawingu yalifunguka saa tisa na Meru ukaonekana wote, mita zake 4,566, upande mmoja umebomoka.

Jumapili, 10 Agosti

Mkutano wa mtaa chini ya mwembe, karibu na ofisi ya mwenyekiti. Nilikwishafika ofisini kwake mwezi uliopita kujiandikisha, na mjumbe wetu wa nyumba kumi ndiye aliyenipeleka. Mada mbili: gari la taka linalopitiliza bila kusimama, na mchango wa ulinzi shirikishi upandishwe au ubaki.

La taka lilichukua saa nzima na hasira nyingi. La ulinzi likaishia kunyoosha mikono. Mimi nikaiweka yangu mapajani. Mjumbe akaniona.

"Bwana wa Tanga, wewe uko upande gani?"

"Mzee, mimi si raia. Sipigi kura."

Watu wakageuka. Shangazi jirani akanitetea, kwamba ni kweli, huyu ni Mkenya, watoto wake anawajua. Pakawa na mjadala mdogo wa kando kuhusu kama kunyoosha mkono kwa habari ya mlinzi ni kupiga kura. Mwenyekiti akamaliza.

"Sawa. Kura umesamehewa. Mchango hujasamehewa."

Mchango umepanda. Nimelipa pale pale, na mjumbe akaniandikia risiti juu ya goti lake: *Imepokelewa kutoka kwa Baba wa Tanga, Njiro.*